Moshi Si Hali ya Hewa

6 Februari

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Nimekujibu kabla hujaamkia, maana barua yako iliyopita shikamoo uliisahau, na mimi si mtu wa kufuatilia heshima kama anayefuatilia ndoo yake kwa jirani.

Huku hatujambo. Goti langu la kulia ni lile lile, limekuwa kama mlango mbovu, likifunguka halifungi. Paka amezaa kwenye kabati la nguo, juu ya lile koti ulilosema utarudi kulichukua. Nimemwacha, koti sasa ni lake. Mwanao Kasuku kang'oka jino la mbele, akisema "sisi" anapuliza kama mtu anayepoza chai. Mwili hauna kitu yule mtoto, lakini mdomo umeshiba. Tangu mama yake aolewe kwingine mtoto hajawahi kumuulizia hata siku moja, wewe ndiye anayekuulizia. Asubuhi anauliza baba atakuja lini, mimi namwambia vaa viatu.

Anayeniandikia ni fundi cherehani wa pale kona, yule mwenye jicho moja dogo kuliko jingine. Anasema hilo hataliandika. Nimemwambia andika, mimi ndiye ninayesema.

Na usinijibu kwamba nipige simu. Ukichoka na maneno yangu kwenye simu unasema mtandao mbaya, unakata. Barua haina mtandao.

Sasa tuje kwenye maneno. Ule ubao wa umeme wa ofisi yenu ya hali ya hewa umefika shuleni kwetu. Mfagizi ndiye mwenye funguo, kwa hiyo ni mimi niliyewafungulia mafundi wenu. Walikuwa wawili, mmoja anatafuna kitu muda wote. Ubao wameuweka darasa la wadogo kabisa, na watoto thelathini na wawili kila mmoja kapewa kibao chake cha kubonyeza. Halafu wakapanda juu ya paa wakafunga jicho. Mwalimu mkuu akatueleza kwamba hilo jicho linatazama juu, saa tatu asubuhi linapiga picha, picha inashuka kwenye ubao, kisha sauti ya msichana inawaambia watoto lile ni wingu gani. Wajifunze mawingu na hali ya hewa.

Nilijivuna, nisikufiche. Niliwaambia walimu wote kwamba maneno yaliyomo humo ndani kayaweka mjukuu wangu, yule aliyekuwa akinikojolea mgongoni. Mwalimu wa wadogo akasema, "Kumbe, Bibi." Nikamwambia ndiyo, kumbe.

Siku nne za kwanza zilikuwa raha. Picha inashuka, msichana anasema, "Haya ni mavundevunde," watoto wanasema mavundevunde. Hata mimi nimejifunza, umri huu.

Ila kuna jambo. Unakikumbuka kile kiwanja cha nyuma ya ukuta wa shule, cha mafundi baiskeli? Mafundi wameondolewa. Sasa yupo mtu anachoma nyaya kuukuu, analetewa kwa lori. Anachoma ule mpira wa juu apate shaba ya ndani. Wanawasha saa mbili na nusu. Mume wangu, ule si moshi wa kuni. Ni mweusi, mzito, unapanda kama kitu chenye nyama. Unanuka nywele zilizoungua zikachanganywa na dawa ya mende. Ukiuvuta asubuhi, chai ya jioni unainywa nao. Mpaka sasa upepo unaupeleka ng'ambo ya barabara, sisi tunapata makombo tu, na makombo yenyewe yananitapisha.

Jicho lenu wamelifunga linatazama anga ya juu ya kiwanja hicho. Siku ya tano, moshi ulipozidi, picha ikashuka nyeusi tii. Na msichana wenu mwenye sauti ya asali akasema: "Hili ni wingu la mvua."

Nilikuwa mlangoni na ufagio wangu. Nikacheka. Nikasema mashine bado changa, haijatoka nje. Basi irekebishe, tia moshi humo ndani, watoto waambiwe moshi ni moshi.

Ni mimi, Bibi yako. Fundi anakusalimu na lile jicho lake.


27 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini mu wazima. Mimi mzima, kazi nyingi tu. Nimefurahi ubao umefika salama. Pole na goti, jaribu kulikanda na maji ya moto.

Kuhusu lile wingu, usijali. Programu inajifunza kidogo kidogo kadiri watoto wanavyobonyeza. Nimeshawaambia wenzangu wanalifanyia kazi. Nakuomba tu usifute ubao kwa kitambaa chenye maji.

Kasuku anakaa dawati la mbele? Anauona ubao vizuri? Mwambie viatu vinakuja.

Mjukuu wako.


19 Machi

Mume wangu,

Barua yako nimeisomewa mara mbili, ya kwanza kwa kuisikia, ya pili kutafuta kama nimekosa kitu. Sikukosa kitu. Ilikuwa fupi hivyo hivyo.

Goti nimelikanda. Halijasikia. Paka amehamisha watoto wake, koti lako kaliona halifai. Viatu vimefika, vikubwa, Kasuku anatembea navyo kama bata, lakini kuvua hataki hata kitandani. Fundi ameshonewa miwani na daktari. Anasema miwani haishonwi. Kwangu inashonwa.

Nikuambie sasa ubao wako unafanya nini.

Kila siku ni wingu la mvua. Tuko kiangazi, ardhi imepasuka kama kisigino changu, na ubao unasema mvua inakuja. Mwalimu wa wadogo naye ni binti mtiifu, anafuata kilichoandikwa. Kilichoandikwa kinasema ubao ukionyesha wingu la mvua, watoto wavae makoti na wasitoke nje kucheza. Basi niwaone, thelathini na wawili, wamevaa makoti ya mvua ya plastiki ndani ya chumba, madirisha yamefungwa, jua la kupasua kichwa, jasho linawatiririka mpaka kwenye soksi. Ukifungua mlango wa lile darasa saa nne unapigwa na harufu kama ya kapu la nguo zilizosahaulika. Wazazi wameanza kuanua nguo kwenye kamba wakiona watoto wamerudi na karatasi ya shule inayosema mvua inakuja. Mtaa mzima unaanua nguo kavu na kuziangalia.

Hilo ungecheka. Hili usicheke.

Yupo mtoto wa kinyozi. Msichana mdogo, mkimya, kichwa chake kinanyolewa kila Jumamosi maana baba yake hawezi kuona nywele akaziacha. Msichana wako wa ubaoni akiisha kusema, anauliza, "Je, ni kweli?" Watoto wanabonyeza. Kijani ni ndiyo, nyekundu ni siyo. Mtoto wa kinyozi akabonyeza nyekundu. Kibao kikamwambia, "Jaribu tena." Akabonyeza nyekundu. "Jaribu tena." Mimi nilikuwa nasugua doa karibu na dawati lake, nikamhesabia. Mara kumi na moja. Wenzake wote wameshapata nyota zao, wanaimba.

Mwalimu akaja. "Mbona wewe humalizi?"

"Ni moshi, mwalimu."

"Tazama orodha ya mawingu pale ubaoni. Moshi upo?"

"Haupo."

"Basi?"

Mtoto akatazama dirishani, akamtazama mwalimu, akanitazama mimi. Mimi, mjukuu wangu, niliinama nikasugua doa langu. Nina kazi pale na naipenda. Akabonyeza kijani. Kibao kikampa nyota na makofi.

Nilitoka nje nikatema mate. Yalikuwa meusi.

Mimi mawingu siyajui. Sikukaa darasani hata siku moja, jina langu mwenyewe nikiliona njiani sitalisalimia. Lakini nimefua nguo miaka sitini na kitu, na ninajua wingu halichafui kitambaa. Kitambaa ninachofutia ubao wako, kikavu kama ulivyoagiza, kila mchana nakikung'uta na kinatoa masizi. Wale watoto nawapangusa kamasi, ndiyo kazi yangu ingawa haijaandikwa, na kamasi lao ni jeusi kama wino. Kamasi la mtoto wa miaka mitano. Nimelitazama mkononi mwangu nikakosa hamu ya chakula siku mbili.

Fundi anasema niliondoe hilo la kamasi, si la kuandika kwenye barua. Libaki.

Tia moshi kwenye ule ubao. Ukiwepo pale, mwalimu atausema, watoto watausema nyumbani, na mtu mmoja mwenye cheo atausikia. Mimi nikiusema ni porojo za mfagizi.

Bibi yako.


15 Aprili

Shikamoo Bibi,

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa safarini.

Nimeongea na mkubwa wangu. Somo ni la hali ya hewa, na moshi si hali ya hewa. Ndiyo maana haumo. Yapo mawingu sita, ukungu na jua. Naomba unielewe, mimi sipangi peke yangu.

Halafu Bibi, tafadhali usizungumze na watoto wakati wa somo. Mwalimu mkuu ameiandikia ofisi kulalamika.

Habari njema ni kwamba shule yenu imepata zawadi. Katika shule zote zenye ubao, darasa lenu ndilo lililojibu bila kukosa siku hata moja. Sherehe ni tarehe 8 Mei na nitakuja mwenyewe. Mwandae Kasuku.

Mjukuu wako.


12 Mei

Mjukuu,

Leo sina utani wa mume na mke.

Kasuku nilimwandaa. Nilimsuka, nikampaka mafuta, akavaa viatu vyako vya bata. Akasimama langoni tangu saa moja asubuhi. Kila gari likipita anasema, "Ni lile." Saa nne likaja gari la ofisi yenu, akashuka kijana mwenye shati lililobana, akasema wewe umepata dharura. Dharura gani, hakujua. Barua yako ilisema utakuja mwenyewe. Mtoto hakulia. Ingekuwa afadhali alie.

Tukaingia. Kiti cha mbele kabisa, chenye kitambaa cheupe, akakaa mtu nisiyemjua. Mnene kiasi, mpole, ananukia kama duka la sabuni. Mikono yake safi kuliko ya daktari wa meno. Mwalimu mkuu akasema huyu ndiye mfadhili wetu, ndiye aliyeununua ubao na vibao vyote thelathini na viwili, tumpigie makofi. Jina lake liko pale pembeni ya ubao, mnaliona?

Watu wakaangalia. Na mimi nikaangalia. Ni kile kibandiko cha bluu. Nimekifuta kile kibandiko kila mchana tangu Februari, nakifuta kwa upole kisibanduke, nikidhani ni chapa ya kiwanda kilichotengeneza ubao. Nikamuuliza kinyozi, aliyekuwa kakaa kando yangu, "Huyu ni nani?"

Akasema, "Bibi, we hujui? Si ndiye mwenye nyaya hapo nyuma."

Nimelipangusa jina lake miezi mitatu. Masizi yake kwa kitambaa changu.

Wewe ulijua. Usiniambie hukujua.

Halafu wakamwita Kasuku asome, maana ndiye mwenye sauti. Akasimama mbele ya yule bwana akasema, huku anakohoa katikati, "Wingu la mvua ni jeusi, ni zito, linatuletea neema." Bwana akapiga makofi kwa ile mikono yake. Akasema mtoto ana akili. Nyuma ya ukuta moshi unapanda kama kawaida, siku hiyo hata haya ya kuuzima moto kwa saa mbili hawakuwa nayo.

Mtoto wa kinyozi hakuwepo kwenye sherehe. Yuko hospitali, anapumua kwa msaada wa mashine. Daktari kawauliza wazazi kama nyumbani wanapikia mkaa ndani. Wakasema hapana. Akaandika kitu. Kinyozi alikuja peke yake kuchukua zawadi ya binti yake, begi lenye picha ya wingu. Alilishika kwa vidole viwili tu, kama mtu aliyeokota panya.

Amekwenda kwa bwana afya mara tatu huyo kinyozi. Bwana afya anasema alete ushahidi wa mtu anayejua mambo ya hewa, yeye si wa kufunga kazi za watu kwa kelele za mitaani.

Mtu anayejua mambo ya hewa. Namjua mmoja.

Bibi.


30 Mei

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kwa tarehe 8. Mwambie Kasuku nitamfidia.

Nakuandikia kwa haraka, jambo lenyewe ni moja. Naomba umhamishe Kasuku, aende ile shule ya kule juu karibu na tangi la maji. Nimeshaongea nao, nafasi ipo, gharama zote juu yangu. Ufanye hivyo kabla ya mwisho wa Juni.

Mimi kazi yangu ni kutazama upepo. Kuanzia siku za mwanzo za Julai, karibu tarehe 3, upepo unageuka na utakaa hivyo wiki kumi au zaidi. Hautaupeleka tena moshi barabarani, utauingiza moja kwa moja madarasani. Nimeziona picha zote, kila siku, na najua kilichomo kwenye moshi wa nyaya. Si kitu cha mtoto kuvuta.

Usiwaambie wengine sababu. Sema nimeamua tu. Tafadhali, Bibi, kazi yangu iko hapo.

Na wewe ukiweza acha kazi, nitakutumia chochote utakachohitaji.

Mjukuu wako.


9 Juni

Wewe,

Salamu za nyumbani zipo, ila leo zimekaa nyuma ya mlango.

Nikuambie barua yako ilivyosomwa. Nilikwenda nayo kwa fundi kama kawaida, mchana, duka limejaa. Mke wa kinyozi alikuwa anapimwa gauni, maana amepungua, gauni zake zote zinamvuka. Alikuwepo mama wa mapacha. Alikuwepo na yule mpika chai wa shule. Fundi akafungua, akaanza kusoma kwa macho kwanza, ndiyo tabia yake, anaonja. Nikaona mguu wake umeacha kukanyaga cherehani.

Akasema, "Bibi, hii tuisome baadaye."

Nikasema, "Ina msiba?"

"Haina."

"Basi soma. Sina siri na hawa."

Akasoma. Alipofika kwenye tangi la maji, nilitabasamu, mpumbavu mimi, nikasema baba anamkumbuka mwanawe. Alipofika kwenye upepo hakuna aliyetabasamu. Alipofika kwenye "usiwaambie wengine" alikuwa ameshaanza kulisoma, hakuweza kulirudisha mdomoni.

Mke wa kinyozi alikuwa na pini mabegani. Alitoka nazo hivyo hivyo, na chaki kwenye gauni.

Mimi nilibaki nimekaa. Unajua nimepangusa mengi maishani. Matapishi, vinyesi vya watoto wa watu, choo cha walimu ambacho nacho kina hadithi yake. Sijawahi kushika kitu nikatamani kunawa kama nilivyotamani kunawa ile karatasi.

Umeziona picha zote. Kila siku. Umekaa kwenye kiti chako huko, saa tatu inafika, moshi unakujia mezani, unautazama, unajua ni nini, na unamwachia msichana wa ubaoni aseme ni wingu la mvua. Unamwona mtoto wa kinyozi anabonyeza nyekundu mara kumi na moja. Hiyo nayo si ilikufikia? Halafu unahesabu watoto thelathini na wawili, unamtoa mmoja, wale thelathini na mmoja unawageuzia upepo.

Nilikulea mimi. Ndiyo maana nauliza kwa aibu: hilo ulijifunzia kwangu?

Kasuku sikumpeleka kwenye tangi la maji. Usishtuke, hayuko kwenye moshi pia. Hakuna mtoto aliyepo. Siku ya pili yake asubuhi mwalimu wa wadogo alikuta madawati tu. Amekaa na ule ubao wake, ukamwambia ni wingu la mvua, ukamuuliza je, ni kweli, hakuna wa kubonyeza. Mpika chai anasema binti wa watu aliinamia meza akalia. Kisha akauzima, akachukua mkoba, akaja alipo kila mtu.

Kila mtu yuko kwa bwana afya. Wamekaa ukumbini kwake na watoto wao na vikohozi vyao. Barua yako wamekwenda nayo. Niliwapa mimi.

Fundi anauliza nimalizie vipi. Nimemwambia aandike nimechoka.


24 Juni

Bibi,

Ile barua niliiandika kwenye karatasi ya ofisi. Ndiyo niliyokuwa nayo karibu, nilikuwa na haraka. Ina chapa juu na cheo changu chini. Bwana afya ameitumia kama ripoti ya kitaalamu. Ameipigia mhuri, ameituma mpaka juu. Mkubwa wangu alinionyesha nakala yake, maneno "Shikamoo Bibi" yamepigiwa mstari.

Nimeachishwa kazi tangu Jumatatu.

Umenisoma mbele za watu kama tangazo. Ningekuwa mtu baki ungeniuliza kwanza.

Unataka kujua, basi jua. Moshi niliuweka tangu mwanzo kwenye orodha, mimi mwenyewe, kabla hata ubao haujafika kwenu. Ofisini wakaniambia mfadhili hautaki, niutoe, nikautoa. Nilidhani ni neno moja tu. Na kuhusu Kasuku, nilitaka kumwokoa mwanangu. Ni baba gani asingefanya hivyo?

Mjukuu wako.


10 Julai

Mjukuu wangu,

Goti limepata nafuu, sijui kwa nini, sikulifanya lolote. Kasuku anakua, viatu sasa vinamkaa. Fundi amevunja miwani, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usinilaumu mimi.

Kuhusu karatasi: mimi chapa naijulia wapi? Kwangu karatasi ni karatasi. Lakini nisijifiche nyuma ya ujinga wangu. Fundi aliiona ile chapa, akanionyesha kwa kidole, akasema, "Bibi, hii ikitoka hapa itamuumiza kijana." Nikamuuliza isipotoka itamuumiza nani. Akarudi kwenye cherehani yake. Nikawapa. Nilikuuza nikiwa macho, ujue hivyo.

Kile kiwanja kimefungwa. Walikuja watu na kamera na glavu, wakachota udongo wakautia kwenye chupa, mmoja akatapika pembeni ya ukuta wetu, mimi ndiye niliyefukia. Bwana wa nyaya amesema hakujua moshi unaenda wapi. Amesema kwa upole ule ule. Mwalimu mkuu amenitaka nibandue kibandiko cha bluu, nikamwambia abandue mwenyewe, mimi nilishakifuta vya kutosha. Amekibandua kwa kisu cha mezani. Kazi yangu bado ninayo, hakuna mwingine anayekubali kile choo.

Mtoto wa kinyozi ametoka hospitali. Kifua kimebaki na mluzi, daktari anasema huenda ukaisha akikua, huenda usiishe. Ananipitia asubuhi tunakwenda pamoja, mwendo wake sasa ni sawa na wangu, na mimi nina miaka themanini.

Umeniuliza ni baba gani asingefanya hivyo. Nimelifikiria, si kwamba nimelidharau. Kinyozi ni baba. Siku aliyosikia barua yako, binti yake alikuwa hospitali, mbali na ule moshi, hakuwa na mtoto hata mmoja wa kuokoa darasani. Ndiye aliyegonga milango ya wengine wote, nyumba kwa nyumba, mpaka ile ya mwalimu.

Kukufukuza walikokufukuza, pole. Pole hiyo ni ya kweli. Chumba chako kipo, paka nitamtoa. Ukija utapewa chakula, maji ya kuoga na mtoto wako. Watu wa mtaa hawatakusema, nimeshawakataza, lakini macho siwezi kuwafumba.

Lililonikaa ni hili. Tarehe 3 asubuhi nilikuwa nafagia uwanja. Vumbi langu siku zote linakwenda kwenye lango. Siku hiyo nikapiga ufagio, likanirudia usoni. Nikasimama. Majani ya ua wote yamelalia upande mwingine. Upepo umegeuka, siku ile ile uliyoitaja, hukukosea hata siku moja. Ukavuka ukuta, ukaingia madarasani mwote kupitia madirisha, na haukuwa na kitu ndani yake isipokuwa ubaridi.

Walimu walifurahi. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikatapika, siku ya kwanza ya hewa safi. Maana mpaka saa ile nilikuwa nimekuwekea akiba kidogo moyoni, nasema labda kijana alikisia, labda hakuwa na hakika. Mjinga ningemsamehe, mimi mwenyewe ni mjinga. Lakini wewe ulijua sawasawa, mpaka tarehe.

Kasuku anakusalimu. Mimi bado.